Mama alipoanza kupungua, nilirudi kwenye dagaa

Nilimtoa mama Sengerema mwaka 2023, enzi tukivuka kwa kivuko pale Kigongo, daraja likiwa bado linajengwa. Alikuwa na miaka 79. Nilipomshika mkono kumshusha kwenye gari nyumbani Nyakato, Mwanza, vidole vyangu vilikaribia kukutana juu ya kiwiko chake. Nilishtuka, nikanyamaza. Majirani waliokuja kumwamkia wakasema, "Ndiyo uzee huo, dada." Nami nikaamini.

Miezi mitatu nikamlisha nilichodhani ndicho chakula cha mzee. Asubuhi uji mweupe wa sembe na sukari. Mchana wali bokoboko na mchuzi wa nyanya. Jioni chai ya rangi na mkate wa kuchovya. Ana presha, na kila aliyepita alikuwa na katazo lake: asile mayai, asile nyama, asile usiku. Magego yameshang'oka karibu yote, hivyo chochote cha kutafuna nikakiondoa. Nilidhani namhurumia, kumbe namnyima.

Siku ya kliniki muuguzi alimwambia, "Bibi, weka mikono kifuani, kisha usimame bila kushika popote." Mama akajiinua kidogo, akarudi kukaa. Akajaribu tena, akarudi. Mizani ikasoma kilo 41. Muuguzi akanigeukia mimi: jana alikula nini? Nikataja. Akaandika kila kitu kwenye kikaratasi, akanisogezea. "Wanga, wanga, wanga. Sasa hiyo misuli ya kumsimamisha itatoka wapi?"

Nililia kwenye daladala wakati wa kurudi, sifichi.

Alichonieleza siku ile ndicho ninachotaka kila mwenye mzee ndani akijue. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na mwili wa mzee haujengi misuli kwa urahisi kama wa kijana hata ukipewa chakula kilekile. Kwa hiyo mzee, japo anakula kidogo, anahitaji protini nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu mzima wa kawaida huhesabiwa gramu 0.8 kwa kilo kwa siku. Wazee hushauriwa gramu 1 hadi 1.2. Kwa mama hiyo ni kama gramu 41 hadi 49. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa kama 8. Uji wangu mweupe haukuwa na la maana. Na ushauri tunaousikia kila mahali wa kupunguza kilo ili uishi sana ni wangu mimi mwenye miaka 50 na tumbo. Mzee aliyekwisha kukonda akizidi kupungua, ndipo anapoanguka na kuvunjika nyonga. Kabla ya kubadilisha chochote walimpima figo, maana mwenye figo mbovu hesabu yake ni nyingine. Zilikuwa salama.

Jumamosi nikaenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Nimekulia kando ya ziwa hili, lakini dagaa nilikuwa nimewaacha, nikiwaona chakula cha shida. Muuzaji, mama mmoja wa makamo, alinifundisha kuchagua. Wa kwenye chanja wanang'aa kama fedha na hawana mchanga. Walioanikwa chini, ukitafuna unasikia. Akaniambia pia ninunue giza likiwepo, kwa sababu wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa mzigo hupungua, bei inapanda. Nikachagua wasiotiwa chumvi, kwa ajili ya presha.

Nyumbani nikawaosha kwa maji ya vuguvugu mara tatu, nikawaanika, nikawakausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka wakawa wanakatika kwa vidole. Nikatwanga kwenye kinu, nikachekecha. Unga huo una mifupa yote ndani, hivyo mzee anapata na madini ya chokaa bila kuhitaji jino.

Kosa langu lilikuwa kuutia kwenye uji. Mama alionja, akaweka kijiko chini. "Mwanangu, huu ni uji au ni ziwa?" Hakuugusa tena. Siku nne nilihangaika. Siku ya tano nikapika nsansa kwa karanga za kusaga, ile mboga ya kunde iliyokaushwa aliyotulea nayo, nikakoroga vijiko viwili vya unga wa dagaa. Akamaliza bakuli na kufuta kwa tonge la mwisho. Tangu hapo unga unaingia kwenye nsansa, kwenye mlenda, kwenye maharage yaliyopondwa. Karanga nachambua moja moja. Yenye ukungu naitupa, kwa kuogopa sumukuvu.

Asubuhi sasa ni yai na maziwa ya mgando kwa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa ikalainika. Nilimsimulia kwamba Okinawa, kisiwa cha Japani kinachosifika kwa wazee wa miaka 100, zamani watu walikula viazi vitamu kuliko wali. Akafikiri kidogo. "Basi na wao ni Wasukuma." Nikamwongezea kwamba walikula pia soya na samaki, ili asije akanirudisha kwenye viazi vitupu.

Chakula peke yake hakijengi msuli usiofanya kazi. Kabla ya kila mlo anasimama na kukaa mara tano kwenye kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani, mimi nikiwa mbele yake. Mwanzoni alinishika mikono yote miwili, kisha mmoja, kisha kidole. Na mlo wenyewe tumeuhamishia mkekani pamoja na wajukuu. Alipokuwa akila peke yake saa 12 jioni, nusu ya sahani ilirudi jikoni.

Ilituchukua miezi saba kufika kilo 45 na nusu. Kliniki iliyopita alisimama mara tano, mikono kifuani, sekunde 17. Muuguzi anataka zishuke chini ya 15. Jioni ile nilipika sato wa nazi, nikamwekea mnofu nilioutoa miiba. Akausukuma kwa mjukuu, akavuta sufuria, akachukua kichwa.