Ubani wa Matrah

Tulifika Matrah alasiri, wakati maduka yaliyofungwa mchana kwa sababu ya joto yalipokuwa yakifunguliwa tena. Soko hilo la kale limo Muscat, mji mkuu wa Oman, na lango lake kuu linaelekea bandarini, hivyo mtu hutoka kwenye jua kali la barabara ya pwani na kuzama ghafla katika vichochoro vyembamba vilivyoezekwa paa la mbao. Wenyeji wamezoea kuliita Suq al-Dhalam, yaani Soko la Giza, kwa kuwa zamani vibanda vilisongamana hata mwanga wa jua ukashindwa kupenya.

Maduka ya mbele, yenye shali na vikumbusho vya watalii, hayakunivuta. Nilisonga ndani, nikapita kwenye majambia ya fedha, kofia za kumma zilizodariziwa na vioo vilivyojaa dhahabu, huku watu wakipishana bega kwa bega na wauzaji wakiita kwa Kiarabu na Kihindi, hadi harufu ya ubani ilipokuwa nzito kiasi cha kunisimamisha.

Nilikuwa nikimuuliza mwenzangu kwa nini magunia mawili yanayofanana yauzwe kwa bei tofauti, mara sauti ikanijibu kwa Kiswahili safi kutoka nyuma ya mizani: "Hayafanani, mwanangu. Njoo uangalie vizuri." Nikamwamkia mzee yule shikamoo, akaitikia marahaba kana kwamba alikuwa akinisubiri. Nilijua kwamba familia nyingi za Kiomani zilitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na kwamba nyingine zilirejea Oman baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, lakini kulijua jambo hilo ni tofauti kabisa na kusikia "mwanangu" katikati ya soko la ugenini.

Mzee aliinua punje moja kwenye mwanga wa taa. Ubani bora, alieleza, hutoka Dhofar, kusini mwa nchi, ambako wavunaji hukwangua gome la mti kwa kisu kidogo, wakaacha utomvu utiririke na kukauka kwa siku kadhaa kabla ya kuukusanya. Utomvu wa mkwanguo wa kwanza haupewi thamani kubwa. Mti hukwanguliwa tena, na mavuno yanayofuata ndiyo yanayosifiwa. Ule unaoitwa hojari hupatikana katika nyanda kavu zilizo nyuma ya milima, mahali ambapo ukungu wa kusi haufiki. Punje zake nilizoonyeshwa zilikuwa nyeupe zenye kivuli cha kijani, na zilipitisha mwanga. Zile za gunia la pili zilikuwa za rangi ya kahawia na zimechanganyika na maganda. Zile za kijani, akasema, watu huziloweka usiku kucha na kunywa maji yake asubuhi. Sikuwahi kufikiri kwamba ubani hunywewa, na kwa kweli ningeweza kumsikiliza hadi usiku.

Nilinunua hojari kidogo, nikalipa kwa riali bila kubishana, kwa maana kumwomba apunguze baada ya somo lile nisingeweza. Kabla sijaondoka aliweka punje kwenye kaa la chetezo, akanielekeza niusogeze ukingo wa shali yangu juu ya moshi. Adhana ya magharibi ikaanza. Akafunika magunia kwa kitambaa, akafunga mizani, tukatoka pamoja hadi mwisho wa kichochoro.