Siku moja maishani mwangu: katibu wa parokia inayojaa wageni

Saa 11:00 alfajiri. Upepo wa Julai hapa Dodoma haubembelezi mtu. Najitanda khanga mbili juu ya sweta, nachukua tochi, natoka. Jumamosi ni siku ya jumuiya, kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali nyumba kwa nyumba, na sisi tunaanza saa 12:00 kamili ili wenye kazi wawahi.

Mtaa wetu uko mashariki mwa jiji, njia ya Mtumba. Nilipohamia mwaka 2017 palikuwa mawe na vichaka vya miiba. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka mmoja kabla kwamba inahamia huku, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Kwanza walikuja akina baba peke yao, wakapanga chumba kimoja, Ijumaa wakirudi Dar es Salaam kwa familia. Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024, naona wake na watoto nao wanakuja kuangalia, kisha wanabaki. Jumuiya yetu tumeshaigawa mara mbili, na bado viti havitoshi.

Saa 12:00. Leo tunasali kwa Mama Mwenyekiti. Getini amesimama mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, anatazama viatu vilivyopangwa mlangoni kama anayejiuliza kama aingie au arudi. Namfuata.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina. Samahani, nimeambiwa hapa ndipo wanaposali Wakatoliki."

Namshika mkono, tunaingia pamoja, anakaa kwenye mkeka kati yangu na bibi mwenye nyumba ya jirani. Tunasoma Injili ya kesho, tunashirikishana. Anasikiliza tu, mtoto anamnyonya. Tulipofika kwenye matangazo, mweka hazina wetu, mama mwema kabisa, akafungua daftari: zaka, ujenzi, mavuno. Akaanza kumuuliza mgeni atajiandikisha kiasi gani. Nikamgusa goti, akakumbuka, akalifunga.

Hilo tulikubaliana mwaka jana baada ya mabishano marefu: mwezi wa kwanza mgeni haonyeshwi daftari la michango. Anaulizwa jina, anakokaa, watoto wangapi, nani mgonjwa. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa lishuke hadi pale watu wanapoishi na kufahamiana. Kwetu hesabu ilikuwa imeanza kutangulia majina, na wapo walioogopa wakaacha kuja. Kanisa letu bado ni kuta na mabati, fedha tunazihitaji sana, lakini aliyekwisha kupendwa hutoa bila kufuatwa.

Saa 3:00. Ofisini. Foleni imeshafika kwenye mwarobaini. Kadi za ubatizo za leo zimetoka Bukoba, Mbinga, Sumbawanga, nyingine zimechakaa kwenye mikunjo hadi namba ya L.B., yaani ya kitabu cha ubatizo, haisomeki. Namba hiyo ndiyo njia ya kurudi kwenye kitabu cha parokia alikobatizwa mtu. Huko ndiko kipaimara na ndoa yake vinakorekodiwa, hata akihamia mbali namna gani. Kwa hiyo wachumba wa leo nawaandikia barua waombe vyeti vipya makwao kabla hatujatangaza ndoa yao. Wanakunja uso kidogo, wanaelewa.

Kisha anaingia kijana wa bodaboda, kofia ya chuma mkononi. Anataka mtoto wake abatizwe.

"Jumuiya gani?"

Ananyamaza. Miaka miwili yuko Dodoma, hana jumuiya.

Nawajua watu wa namna hii kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nilipofika na mtoto mchanga, katika parokia nyingine, niliambiwa dirishani kwamba bila barua ya jumuiya mtoto habatizwi. Hakuna aliyenionyesha jumuiya ilipo. Nilisali miezi saba benchi la nyuma karibu na mlango. Jumapili ya kwanza wageni waliitwa wasimame, nikasimama, nikapigiwa makofi, nikakaa. Makofi yale yalitoka moyoni, sina shaka. Ila Jumatatu hapakuwa na mtu aliyejua nalala wapi.

Barua yenyewe siipingi. Kanisa linataka pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani, na wa kulishuhudia hilo ni majirani. Lakini Baba Paroko alitusomea Kanuni ya 102 na ya 107 za Sheria ya Kanisa kwenye kikao cha halmashauri walei: mtu akija kukaa kwa nia ya kubaki, hapo hapo amekuwa muumini wa parokia hiyo. Hata mwenye nia ya kukaa miezi 3 tu tayari ana paroko wake pale. Kijana huyu alikuwa wetu siku zote ambazo hatukumjua. Kwa hiyo sikumwambia aende akatafute barua. Nilipiga simu kwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa anaokaa, nikampa kijana simu waongee wenyewe. Kumbe mwenyekiti hupanda bodaboda yake kila siku kwenda sokoni! Jumatano watasali nyumbani kwa kijana.

Saa 6:30 mchana. Ugali na mlenda pamoja na mzee katekista. Huyu alianza kufundisha dini enzi ambazo hapa palikuwa kigango cha nyumba chache za Wagogo. Leo amesema neno ambalo limenikaa rohoni: "Mwanangu, mnakaribisha wageni vizuri. Lakini sisi nani anatukaribisha?"

Ana haki. Tunakuja na kwaya zetu, desturi zetu, "kwetu Moshi tunafanya hivi, kwetu Songea tunafanya vile," na wenyeji wanajikuta wageni kwenye ardhi waliyoitoa wao. Nimemwomba kesho akina mama wapige muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wakati wa kupeleka vipaji altareni. Na wageni kabla hawajasema majina yao, waamkie watu kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo. Amecheka, akaongeza mlenda.

Saa 9:00 alasiri. Wakatekumeni, wanaojiandaa kwa ubatizo. Yupo dada aliyetoka familia ya Kianglikana huko Mpwapwa, ameolewa na Mkatoliki, akaja akiomba abatizwe upya. Katekista amemweleza taratibu kwamba ubatizo wake ni ubatizo halali, haurudiwi. Ataandaliwa na kupokelewa katika ushirika kamili wa Kanisa. Wale ambao hawajabatizwa kabisa ndio watakaobatizwa Usiku wa Pasaka. Dada alilia. Alidhani angelazimika kuikana sala ya mama yake.

Saa 11:00 jioni. Mimi na Mama Mwenyekiti tumekwenda kwa yule mama wa asubuhi. Chumba na sebule, maboksi hayajafunguliwa. Mume yuko kazini zamu ya usiku. Maji hayajatoka siku mbili na hajui pa kuchota. Tumebeba ndoo, tumemwonyesha kisima, dispensari, na duka linalokopesha. Tumesali Baba Yetu tukiwa tumesimama, kwa kuwa pa kukaa hapakuwapo.

Saa 2:00 usiku. Naandika matangazo ya kesho. Jina lake nimeliandika la kwanza kwenye orodha ya wageni, na pembeni jina la jumuiya yake. Simu inaita. Ni yeye, anauliza kwa sauti ya chini Misa ya kwanza ni saa ngapi na njia ni ipi.

Ni saa 12:30, nimemwambia, wala usitafute njia. Mama Mwenyekiti atakugongea saa 12:00 kasorobo, mwende wote kwa miguu.