Nilivyojadiliana mkataba wa pango la karakana yangu

Mkataba wangu wa kwanza wa pango niliutia sahihi nikiwa nimesimama, kwa kalamu ya kuazima, kwa sababu nilichokuwa nakitazama ni tarakimu moja tu: kodi ya mwezi. Miaka mitatu baadaye mwenye jengo alikataa kuurefusha, na ndipo nilipotambua kwamba kuta za mbao nilizogawia vyumba, nyaya nilizovutia umeme wa cherehani na meza ya kukatia vitambaa iliyofungwa sakafuni vyote vilihesabiwa kuwa mali ya jengo, na bado nilidaiwa gharama ya kupaka rangi upya. Iliniuma sana, hasa nilipousoma mkataba na kukuta kila neno limo, pamoja na sahihi yangu chini yake. Nilipoanza kutafuta eneo jingine, nilidhamiria kutokubali kifungu chochote nisichokielewa.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuanza mapema. Mpangaji ambaye muda wake unaisha mwezi ujao hana cha kujadili, kwa kuwa anayempangisha anajua hana pa kwenda. Mimi nilianza miezi minane kabla, nikapata maeneo mawili yaliyonifaa, na nikaendelea na mazungumzo ya yote mawili bila kumficha yeyote. Eneo la pili lilikuwa mbali zaidi na wateja wangu, lakini ndilo lililonipa ujasiri wa kukataa masharti katika lile nililolipenda.

Rasimu ya mkataba ilitaja mita za mraba 84, na hesabu ya kodi pamoja na ile ya gharama za huduma za jengo, yaani ulinzi, usafi na taa za korido, ilifuata kila mita. Asubuhi moja niliomba ufunguo, nikaenda na msaidizi wangu. Yeye alishika ncha ya utepe kwenye kona, mimi nikaandika vipimo kwa chaki sakafuni. Tulipata 76. Zile 8 zilizosalia zilikuwa unene wa kuta za nje, nguzo mbili za katikati na kipande cha korido. Kupima hivyo si lazima kuwe ni hila, kwa maana namna za kupima eneo ni zaidi ya moja, lakini mkataba haukusema ni ipi iliyotumika. Nilimpelekea mwenye jengo mchoro wangu, naye akatuma fundi wake kupima, na mwishowe tukaandika 77 na kueleza kwamba kipimo ni cha ndani ya kuta. Sikuwa nimeomba punguzo lolote, lakini kiasi cha kulipa kilishuka kwa zaidi ya asilimia 8.

Baada ya hapo nilimlipa wakili aipitie rasimu yote. Wapo wafanyabiashara wenzangu wanaoona hiyo ni gharama ya bure. Mimi naona ndiyo fedha iliyofanya kazi kubwa kuliko nyingine zote nilizotumia mwaka ule. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kifungu cha ongezeko la asilimia 10 kila mwaka, katika mkataba wa miaka 5, kingeifanya kodi ya mwaka wa mwisho izidi ile ya mwanzo kwa zaidi ya asilimia 46, kwa sababu kila ongezeko linakaa juu ya lililotangulia. Nilikuwa nimehesabu 40 kichwani, na hata hizo sikuwa nimezipima dhidi ya mapato yangu.

Mwenye jengo alikuwa mzee mtaratibu, mwenye kusikiliza. Nilipokaa naye sikuanza na madai, bali nilimuuliza ni jambo gani linalomsumbua zaidi kwa wapangaji. Akasema, "Binti yangu, wanakuja, wanakaa mwaka mmoja, wanaondoka. Chumba kinabaki kitupu, na mimi naanza upya kutafuta." Jibu hilo lilinipa njia. Nilimwambia, "Mzee, mimi niko tayari kufunga miaka 5, ila naomba kodi isipande kila mwaka." Tulikubaliana ipande kwa asilimia 10 mwanzoni mwa mwaka wa 3 na wa 5 tu, hivyo ongezeko lote likawa asilimia 21. Kwa kuwa nilikuwa nikichukua muda mrefu, alinipa pia miezi miwili ya mwanzo bila kodi ili niweke umeme na meza, mradi nilipie gharama za huduma.

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi ni matengenezo. Rasimu ilisema mpangaji atawajibika kwa "matengenezo yote". Maneno hayo mawili yangeweza kunibebesha paa la jengo zima. Tuliyagawa: paa, msingi, kuta za nje na mabomba makuu ni juu yake; rangi ya ndani, milango, vioo na vifaa nilivyofunga mwenyewe ni juu yangu. Kisha nikaomba hali ya chumba iandikwe siku ya kukabidhiwa. Nyuma ya rafu ya zamani kulikuwa na doa la unyevu lenye upana wa mkono, linaloshuka kutoka darini, na plasta iliyokuwa ikimomonyoka ukiigusa. Nilipiga picha hilo doa, nyufa za sakafu na swichi zilizovunjika, na kila picha tuliitia sahihi sote wawili na kuiambatisha kwenye mkataba. Siku nitakapotoka, hakuna atakayenidai plasta niliyoikuta imeoza.

Kuhusu kutoka, nilipata nusu ya nilichokitaka. Niliomba ruhusa ya kuvunja mkataba baada ya mwaka wa 2. Alikataa, tukaafikiana iwe baada ya mwaka wa 3, kwa notisi ya miezi 6. Alikubali nimkabidhi mpangaji mwingine eneo kwa idhini yake ya maandishi, ambayo hatainyima pasipo sababu ya msingi. Dhamana yangu binafsi, ambayo awali ilifunika kodi ya miaka yote 5 na hivyo kuiweka hata nyumba yangu hatarini endapo biashara ingeanguka, tuliipunguza hadi kodi ya miezi 6. Hapo sikuwa tayari kurudi nyuma, na nilimweleza wazi kwamba bila hilo ningechukua lile eneo la pili.

Nilichoshindwa ni kuwekea ukomo gharama za huduma. Alisema hawezi kuahidi bei za watu wengine, na nadhani alikuwa mkweli. Nilichopata badala yake ni haki ya kuona stakabadhi mwishoni mwa kila mwaka, na nimekwisha kuitumia mara moja: katika hesabu kulikuwa na ukarabati wa ngazi za nje ambao, kwa mgawanyo wetu, haukunihusu. Nilimwonyesha kifungu, akauondoa.

Haki ya kuongeza miaka mingine 5 imo pia, lakini ni halali tu nikitoa notisi ya maandishi si chini ya miezi 6 kabla ya muda kwisha. Tarehe hiyo nimeiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa kabati la vitambaa, mahali ninapofungua kila asubuhi, na nakala ya mkataba iko kwenye droo iliyo chini yake.