Siku moja maishani mwangu: Go au Rust?

Saa 2:00 asubuhi

Nawasha kompyuta. Kazini naandika programu kwa lugha ya Python, nayo ndiyo inayonilisha, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Ila nataka lugha nyingine ya kujifunza, na zilizobaki kwenye kinyang'anyiro ni mbili: Go na Rust. Leo simuulizi mtu yeyote ipi bora, maana swali hilo huzaa ushabiki kama wa mpira. Nimeweka daftari kando ya kibodi. Kila kitakachonikera kazini kitaingia humo, kisha nitaona ni lugha ipi ingeniondolea kero hizo.

Saa 3:15

Ripoti ya mwezi inachukua karibu dakika nzima kutoka. Mwenzangu ananitumia ujumbe: "Kaka, si nilikwambia? Python ni nzito. Tuiandike upya kwa Rust."

Hoja yake si ya kubeza. Python ya kawaida ina kufuli liitwalo GIL, linalozuia nyuzi mbili (njia za kazi zinazokwenda sambamba) za programu moja kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilileta njia ya majaribio ya kuliondoa, lakini sisi bado hatujafika huko. Hata hivyo, kabla ya kuhama tupime kwanza. Napima. Kazi ya Python yenyewe haifiki hata sekunde moja. Muda wote uliobaki programu imekaa tu inaingoja kanzidata, yaani hifadhi ya data zetu.

Kanzidata yetu ni PostgreSQL. Nailisha lile ulizo la kuomba data za ripoti nikitanguliza EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha ulizo linatekelezwaje, na mchawi anajitokeza: Seq Scan. Yaani inasoma jedwali zima, rekodi moja baada ya nyingine, ili kupata oda za mwezi mmoja. Naunda faharasa kwenye safu ya tarehe na kuendesha ripoti tena. Sekunde mbili.

Daftarini naandika: "Kasi: lugha haina kosa." Rust ingeingoja kanzidata ile ile, kwa uvumilivu ule ule. Hapo sababu kubwa ya watu wengi kuhama Python imeondoka kwenye orodha yangu kabla hata ya saa nne. Angekuwa mtu anayechakata picha au kufanya hesabu nzito mchana kutwa, daftari lake lingesema mengine.

Saa 5:00

Kikao. Hakuna cha kusimulia.

Saa 7:00 mchana

Wakati wa mapumziko napitia orodha za lugha zinazotamba. Ile ya TIOBE hupanga lugha kwa kuangalia matokeo ya injini za utafutaji, jambo linalokwambia lugha ipi inatajwa sana mtandaoni, si kazi yako inahitaji nini. COBOL ilibuniwa mwaka 1959 na hadi leo inaendesha mifumo ya mabenki. Wanaoijua hawahangaiki na orodha hizo. Nafunga ukurasa.

Saa 8:40 mchana

Hapa sasa ndipo penye kero yenyewe. Nina kiprogramu kidogo kinachosoma faili za logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) na kuhesabu hitilafu, nacho kinatakiwa kwenye seva ya idara nyingine. Seva hiyo ina Python ya zamani. Maktaba ninayoitumia, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, inataka mpya. Natengeneza mazingira ya pembeni, maktaba nyingine inadai kompaila ya C (programu ya kugeuza msimbo wa lugha ya C uweze kuendeshwa), na kompaila haipo. Saa nzima inayeyuka, na bado sijagusa tatizo lililonipeleka pale.

Kwa Go ningeandika `go build`, nikapata faili moja, nikalinakili kwenye seva, basi. Hata kama natumia Mac na seva ni Linux, nabadilisha tu GOOS na GOARCH, mipangilio inayotaja mfumo endeshi na aina ya prosesa. Rust nayo hutoa faili moja la kuendeshwa, lakini kulijengea mfumo mwingine mara nyingi hudai maandalizi zaidi. Hii naiandika daftarini kwa herufi kubwa.

Saa 12:00 jioni

Kazi imeisha. Naandika kile kiprogramu cha logi kwa lugha zote mbili.

Rust inanisimamisha mapema: hitilafu E0382. Nimeipa funksheni maandishi fulani, kisha mstari unaofuata nikataka kuyachapisha. Haikubali, kwa sababu kila thamani ina mmiliki mmoja, na umiliki umeshahamia kwenye funksheni. Kompaila inanionyesha mstari wa kosa na kunipendekezea dawa, kwa upole ambao sijauona kwingine. Ukali huo una sababu: mwaka 2019 Microsoft ilisema takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaourekebisha kila mwaka unatokana na makosa ya kumbukumbu. Naandikaje kivinjari au kiini cha mfumo endeshi bila ulinzi wa namna hiyo? Lakini mimi siandiki kivinjari. Kiprogramu changu kinaishi sekunde chache kisha kinakufa, na mzoa taka wa Go, ile sehemu inayosafisha kumbukumbu isiyotumika tena, hata hatapata nafasi ya kunisumbua.

Go ina maneno maalumu 25 tu. Nayo ina ukaidi wake: ukitangaza kigeu usikitumie, haijengi programu. Na ile `if err != nil` ya kukagua kama kuna hitilafu, kila baada ya mistari miwili, inachosha macho, nisidanganye. Ila usomaji wa faili kadhaa kwa pamoja umenitaka neno moja tu, `go`, mbele ya funksheni, pamoja na chaneli ya kukusanya majibu.

Saa 3:00 usiku

Nasoma daftari. Kasi imefutwa, umaarufu haumo, kilichobaki ni kusafirisha programu. Ni Go. Rust nitairudia siku nikipata sehemu ya Python iliyo nzito kweli, maana kwa PyO3, maktaba inayounganisha Rust na Python, naweza kuiandika sehemu hiyo peke yake kwa Rust na kuiita kutoka Python.

Kesho faili la Go linakwenda kwenye ile seva. Mwenzangu nimeshamtumia matokeo ya EXPLAIN. Amejibu kwamba faharasa sawa, lakini bado anaitaka Rust.