Siku Mgeni Wangu Aliposhikwa Mkono Mwanjelwa

Mwezi Julai mwaka 2016 nilikuwa nikiishi na mwalimu mwenzangu, dada kutoka Korea Kusini, aliyekuja kufundisha hisabati katika shule moja jijini Mbeya. Alikuwa amemaliza miezi minne kwangu, Kiswahili chake kilitosha kununulia na kuulizia njia, na tayari alikuwa amechoka. Kila alipokwenda Kabwe kupanda daladala aliitwa Mchina, akapigiwa miluzi, na walikuwepo vijana waliomfuata hatua kwa hatua wakimdai namba ya simu.

Nilijaribu kumpoza kwa historia. Nilimweleza kwamba Wachina ndio waliotujengea reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kwamba wazee wetu waliwaona kwa macho yao wakipasua milima, na kwamba tangu hapo kila mwenye sura ya Asia ya Mashariki huitwa jina hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kama ni jina tu, mbona haliji na salamu? Wewe wanakuamkia kwanza." Sikuwa na jibu, nikamrudishia ushauri ambao nasi tulipewa tukiwa wasichana: usiwajibu, tazama mbele, pita.

Jumamosi moja yenye baridi kali tulikwenda Mwanjelwa kununua maharage. Nilikuwa nimeinama, nachambua maharage ya njano kiganjani nione kama yameliwa na wadudu, ndipo kijana wa mkokoteni alipomshika mgeni wangu kifundo cha mkono na kusema, "Mchina, twende zetu." Wenzake wakacheka. Niliona mkono wa sweta yake ukivutika na noti ya shilingi elfu tano ikijikunja katika vidole vyake. Nami, nasema hili kwa uchungu, nilirudisha macho kwenye maharage nikamnong'oneza, "Dada, tuondoke."

Hakuondoka. Alimtazama kijana usoni na kusema kwa sauti ya darasani, "Niachie mkono. Hujanisalimu."

Mama muuzaji, mtu mzima aliyekuwa akitupimia, aliiweka sado chini. "Wewe mwanangu," alimwambia, "huyu ni mgeni wa mwalimu, kwa hiyo ni mgeni wetu. Angeshikwa dada yako hivyo hapa sokoni, ungecheka?" Mkono ukaachiwa. Kijana aliinamisha kichwa, akasema, "Samahani, dada." Watu waliokwisha kutuzunguka walingoja neno letu la siku zote, kwamba yameisha, na hata mimi nililingoja. Mgeni wangu alijibu, "Nimesikia," akalipia maharage yake, akamshukuru mama na kumuaga kwa heshima.

Wakati ule niliona amekuwa mkali kupita kiasi. Leo naona alikuwa sahihi, kwa sababu yale hayakuwa yameisha, na sisi wenyeji tuna tabia ya kumharakisha aliyekosewa asamehe ili soko liendelee. Baadaye niliisoma Kanuni ya Adhabu na kukuta kwamba kifungu cha 138D, kilichoongezwa mwaka 1998, kinafanya kumsumbua mtu kijinsia, hata kwa maneno matupu, kuwa kosa la jinai. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi bila kulijua hilo, nikiwaambia mabinti wa watu wanyamaze wapite.

Jioni ile, tukiwa jikoni tunamenya viazi, aliniuliza polepole, "Mama yule hanijui, akasimama. Wewe unanijua." Nilimwomba radhi, na sikumwomba aseme yameisha. Kisu chake kiliendelea na kiazi mpaka ganda likatoka lote bila kukatika, ndipo akaniambia kwamba Jumamosi ijayo angerudi kwa mama yule, na angependa twende wote.

Tulikwenda. Pale Kabwe mpiga debe mmoja alimwita Mchina kabla hata hatujashuka vizuri. Nilisimama, miguu ikitetemeka, nikamgeukia kijana yule na kumwambia, "Habari za asubuhi, mwanangu. Huyu ni mwalimu. Msalimie." Alitutazama sote wawili kwa zamu, akavua kofia yake ya sufi, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Mgeni wangu aliitikia marahaba, tukaendelea na safari yetu ya sokoni.