Chembe nano za selulosi kutoka kwenye usumba: maji ndiyo adui

Nilitaka chembe nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za selulosi, ile kemikali inayojenga nyuzi za mimea. Nilitumia usumba wa Jambiani, Zanzibar, yale makumbi yanayofukiwa pwani miezi kadhaa kisha yakapigwa. Unakuja na chumvi na mchanga, kwa hiyo niliusuuza sana kwanza. Kazi kubwa ni kuondoa lignini, gundi inayoshikanisha nyuzi, maana makumbi yanayo kwa wingi. Niliuchemsha kwa kostiki soda ya asilimia 5, nyuzijoto 80, saa 2. Kisha nikaupausha kwa kloraiti ya sodiamu yenye asidi ya siki, pH 4, nyuzijoto 70, nikarudia mpaka umanjano ukaisha. Gesi inayotoka ni sumu. Fanya ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Selulosi niliiyeyusha kwa kimiminika cha ioni, yaani chumvi inayoyeyuka kwa joto dogo. Changu kilikuwa BMIM kloraidi (BMIM ni kifupi cha butili-methili-imidazoli), ambayo kwa joto la kawaida ni fuwele. Wakati wa masika, chupa ikiachwa wazi fuwele zinarowa kama chumvi ya mezani. Niliikausha kwenye oveni ya vakyumu, nyuzijoto 80, usiku kucha, na usumba nao nikaukausha. Maji yakizidi kama asilimia 1, kloraidi inashikana nayo badala ya kuvunja vifungo vya selulosi, na usumba unavimba tu bila kuyeyuka. Utauona unaelea kama nywele.

Gramu 1 ya usumba kwa gramu 49 za kimiminika, nyuzijoto 100, saa 3, huku nikikoroga. Tia kidogo kidogo. Ukimwaga wote unapata madonge, nje rojo ndani pakavu. Joto likizidi, rangi inageuka kahawia na minyororo ya selulosi inakatika.

Ikishakuwa angavu kama asali, niliilegeza kwa DMSO, kiyeyushi kingine, ya uzito sawa, nikaidondosha kwenye nusu lita ya maji yanayozunguka kwa kasi. Bila kuilegeza zinatoka tambi, si chembe. Kisha altrasoniki, mawimbi ya sauti ya kutawanya chembe, dakika 10 kwa vipindi, chombo kikiwa kwenye barafu.

Kuosha ni kwa sentrifuji na maji yaliyotoneshwa, hadi nitrati ya fedha isilete weupe, ambao ni dalili ya kloraidi iliyobaki. Maji ya bomba yana kloraidi yake, hivyo weupe hautaisha hata uoshe wiki nzima.

Chembe hizi ni selulosi ya aina ya pili, yaani mpangilio wa minyororo si ule wa asili tena. Ukitaka vijiti vya fuwele ya asili, tumia BMIM haidrojeni salfeti, inayokata sehemu legevu tu, zisizo na mpangilio wa fuwele. Usizikaushe kwenye oveni: zinagandamana na hazitawanyiki tena. Zangu zinakaa mbichi kwenye friji.