Sabini ya Nairobi Ikifika Texas

Idara yetu ilihitaji mwanafunzi mmoja wa kukaa na maprofesa kwenye kamati ya udahili wa uzamivu, nikajitolea. Nilitarajia mijadala mizito ya rangi na historia. Wapi! Hapa Texas kuna sheria iitwayo SB 17, iliyoanza kutumika Januari 2024, ambayo imefunga ofisi za usawa na ujumuishi katika vyuo vikuu vya umma. Kabla yake, Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishakataza rangi ya mwombaji kuwa kigezo cha kumdahili. Basi hakuna aliyegusa jambo hilo. Tulisoma mafaili tu.

Likaja faili la dada mmoja wa Kenya, wastani wake 72. Profesa mmoja, muungwana kabisa, akaliweka upande wa yale dhaifu. Kwao 72 ni C, na programu nyingi za uzamivu hazitaki mtu ashuke chini ya B. Ikabidi nieleze kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi A inaanzia 70, na si kila darasa linagawa hizo A ovyo. Wa Dar nao wana kisa chao: GPA, yaani wastani wa alama, ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) huhesabiwa juu ya 5, ya Marekani juu ya 4. Mwenye 3.8 ya Mlimani ana daraja la pili la juu. Msomaji asiyejua humwona malaika. Akishajua, huanza kuwashuku wote. Faili la yule dada lilirudi mezani.

Nyumbani wengi hudhani sera za ujumuishi za Marekani zilitungwa kwa ajili yetu pia. Mara nyingi sivyo. Mpango wa McNair, uliopewa jina la mwanaanga Ronald McNair aliyefariki katika ajali ya Challenger mwaka 1986, ulianzishwa kuwaandaa kwa uzamivu vijana wa familia zenye kipato kidogo na wa jamii zenye wasomi wachache, lakini ni wa raia na wakazi wa kudumu. Sina kinyongo, majeraha yaliyouzaa ni ya Wamarekani wenyewe. Sisi wa F-1, viza ya wanafunzi wa kigeni, hata takwimu za serikali za rangi za wanafunzi hazituhesabu kuwa weusi, tuna safu yetu ya wageni. Ila kwenye picha za vipeperushi vya vyuo tumo, tena mstari wa mbele, meno nje.

Kinachotubana sisi ni fedha na karatasi. Ada ya maombi ya chuo kimoja huweza kufika dola 75 au zaidi, na mtu huomba vyuo kadhaa. Ukishafika, posho ya kwanza huja mwisho wa mwezi ilhali mwenye nyumba anataka kodi na amana kabla hujaingia.

Kwa mnaoomba msimu huu: baadhi ya vyuo husamehe ada ya maombi kwa anayeomba asamehewe, hivyo mwandikieni mratibu wa programu kabla ya kulipa chochote. Na mkiskani transkripti, kama jedwali la madaraja limechapwa nyuma, skanini na nyuma.